Kijiwe cha Mpakani: Chembe nyeupe ziko chini? Usijizike mzima!

Kama uko Tunduma najua vumbi unalo, kama uko Vwawa najua baridi unayo, na kama uko Dar najua foleni unayo. Kila mtu na lake. Leo naomba tuyaweke pembeni mambo ya nani kamwacha nani na nani kavaa nini, tuongee habari ya karatasi. Ndiyo, karatasi tu, ile inayotoka maabara. Maana karatasi moja ya aina hiyo nusura imzike mshikaji wangu akiwa hai.

Mshikaji mwenyewe simtaji. Si unajua tena mji wetu ulivyo, ukipiga chafya Sogea watu wa Maporomoko wanakuambia pole. Ni utingo wa lori. Miaka mitano anakula barabara, Dar, Tunduma, mpaka Lubumbashi huko, halafu anageuza. Dereva wake kamfundisha usukani mpaka kaiva, leseni kaipata, na tajiri mmoja akamwambia, "Kijana, nakupa gari, ila kwanza kapime afya." Mambo si ndiyo hayo! Utingo kukabidhiwa usukani ni sawa na msindikizaji kugeuka bwana harusi. Jamaa akaoga, akapiga pasi shati, akaenda.

Wakamtoa damu. Akasubiri kwenye benchi. Mwisho akapewa karatasi imejaa namba na herufi, na pembeni ya mstari wa chembe nyeupe za damu kuna mshale unaoangalia chini. Mistari miwili chini yake, mshale mwingine, nao unaangalia chini. Aliyemkabidhi alikuwa na umati mlangoni, akamtupia maneno matano tu: "Kinga yako iko chini, kijana." Kisha akaita, "Anayefuata!"

Ebwana wee! Wewe mwambie kijana wa mpakani kwamba kinga yake iko chini, halafu uone kasheshe lake. Hapa kwetu, mahali ambapo malori ya nchi nzima yanasimama na gesti hazilali, maneno hayo yana tafsiri moja tu kijiweni: ngoma. Mdudu. Umeme umempitia. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Jamaa akala kona kimyakimya. Kwa tajiri hakurudi. Simu za mchumba wake zikawa zinaita mpaka zinachoka. Asubuhi anakunywa juisi ya rozela, mchana bitiruti, jioni maji ya matembele yaliyochemshwa, eti anaongeza damu. Alikunywa bitiruti mpaka mkojo ukabadilika rangi, akadhani sasa ndiyo anakufa kabisa. Mganga mmoja naye akala ngawira yake akimwambia karogwa na utingo mwenzake aliyeutaka usukani. Miezi miwili ikakatika hivyo, kilo zikapungua. Kilo zilipopungua, watu nao wakaanza kunong'ona, na minong'ono ikamthibitishia yeye mwenyewe kile alichokuwa anakiogopa.

Siku nilipombana, akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mara nne, imechakaa kama noti ya zamani. Nikaisoma juu mpaka chini. Nikamwuliza, "Umepima ukimwi?"

"Nipime nini tena, wakati imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Akaangalia. Akageuza nyuma. Hakuna. Neno ukimwi halikuwamo popote, wala neno virusi. Mtu amejihukumu miezi miwili kwa kosa ambalo hata kwenye hati ya mashitaka halimo!

Sasa msomaji wangu, mimi si daktari, bailojia yenyewe niliiokotaokota tu darasani. Lakini hili jambo nimelifuatilia, nimesoma, nimeuliza wanaojua, na nimekuta kisa kitamu ambacho kila kijana wa Kiafrika anapaswa kukijua kabla hajaingia maabara. Twende taratibu.

Kipimo kile wenyewe maabara wanakiita FBP. Kinahesabu tu vilivyomo kwenye damu: chembe nyekundu ngapi, chembe nyeupe ngapi, chembe za kugandisha damu ngapi. Ni kama askari wa getini anayehesabu magari. Hajui ndani ya gari kuna nini. Virusi vya ukimwi FBP haivioni, haina hata macho ya kuvionea.

Halafu chembe nyeupe zenyewe siyo kabila moja. Kuna makundi makubwa matano. Kundi la nyutrofili ndilo la askari wa doria: ukijikata na bakteria wakaingia, hao ndio wa kwanza kufika, wanawameza, wanapigana mpaka kufa. Usaha unaouona kwenye jipu, sehemu kubwa ni maiti zao. Kundi la limfosaiti ndilo lenye kumbukumbu, linatengeneza silaha za kumlenga adui mmoja mmoja. Virusi vya ukimwi vinashambulia zaidi limfosaiti zenye alama ya CD4. Mshale wa mshikaji wangu ulikuwa kwenye nyutrofili. Ni kweli ukimwi nao unaweza kuzishusha nyutrofili, lakini hauthibitishwi kwa kuhesabu chembe. Una kipimo chake, na majibu ya kipimo chake yanatoka siku hiyohiyo.

"Sawa," jamaa akaniambia, "lakini mshale upo. Kwa nini zangu ziko chini?"

Hapo ndipo utamu ulipo.

Ukila supu ya mifupa, ule mfupa mkubwa unaougonga kwenye sahani, kile laini kinachotoka ndani ndiyo uboho. Na wewe unao, hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na mfupa wa kifua. Uboho ndiyo kiwanda cha damu. Nyutrofili peke yake kinatoa kama bilioni 100 kwa siku moja! Ukiwa umelala, ukiwa disko, ukiwa kwenye foleni ya mpaka, kiwanda kinanguruma. Hakina Jumapili wala Idi, kwa sababu nyutrofili hazikai sana kwenye damu, zinatakiwa mpya kila siku.

Chembe zote za damu, nyekundu kwa nyeupe, zinatoka kwenye ukoo mmoja wa chembe mama, chembe shina. Na karibu kila chembe mwilini ina kitabu kilekile cha maelekezo, chenye jeni zipatazo 20,000. Sasa kama kitabu ni kimoja, mbona huyu anakuwa chembe nyekundu ya kubeba hewa na yule anakuwa askari?

Fikiria chuo cha ufundi ambako kila mwanafunzi kapewa kitabu kimoja kinene chenye fani zote. Wa useremala anafungua kurasa za useremala, wa umeme anafungua za umeme, zingine anaziacha zimefungwa. Ndivyo chembe zinavyofanya. Jeni ikifunguliwa na kusomwa, tuseme inasema. Ikifungwa, imenyamaza. Tofauti ya chembe na chembe ni jeni zipi zinasema na zipi zimenyamaza, na kwa wakati gani.

Kiwandani humo kuna wanyapara wanaozunguka wakifungua kurasa. Wanyapara wanaoitwa PU.1 na C/EBP-alfa wakishika zamu, chembe changa inaelekea njia ya nyutrofili. Kwanza jeni za kutengeneza sumu za kuulia bakteria zinasema kwa kelele, silaha zinajazwa maghalani. Zikishajaa, jeni hizo zinanyamaza na zingine zinapokea zamu. Mwisho kiini cha chembe kinajikunja vipande vipande kama soseji zilizofungwa uzi, ndipo askari anatoka getini. Kazi yote hiyo inachukua kama wiki moja hadi mbili. Mnyapara mwingine anaitwa GATA-1, huyu kwake ni chembe nyekundu. Mshike huyu jina, tutamhitaji sasa hivi.

Mwaka 1950 huko Uingereza, watafiti waligundua kundi jipya la damu, mbali na haya ya A, B na O tunayoyajua. Waliligundua kwa mgonjwa aliyekuwa anaongezewa damu, Bwana Duffy, nalo likaitwa Duffy. Baadaye ikaonekana kwamba Waafrika wengi mno hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Na mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wa Marekani wakaonyesha faida yake: kuna malaria inayoitwa vivaksi, ambayo huitumia Duffy kama mlango wa kuingilia kwenye chembe nyekundu. Babu zetu hawakuwa na mlango, vivaksi ikabaki nje inabisha hodi. Siku hizi imeonekana kwamba mara chache inapenya hata hivyo, lakini kwa kiasi kikubwa ngao hiyo bado inafanya kazi. Usitupe chandarua lakini, maana malaria yetu kubwa hapa ni ile nyingine, falsiparamu, na hiyo mlango wa Duffy haiujali.

Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa wakapata siri yenyewe. Jeni ya Duffy, ambayo leo inaitwa ACKR1, kwetu ipo nzima. Kilichobadilika ni herufi moja tu, nje kidogo ya jeni, pale kwenye kituo ambapo mnyapara GATA-1 hutua ili aifungue. Herufi moja ikibadilika, GATA-1 anapita juu bila kutua, na jeni inanyamaza kwenye chembe nyekundu. Lakini kwenye mishipa midogo ya damu, ambako hafunguliwi na mnyapara huyo, jeni ileile inaendelea kusema kama kawaida. Jeni moja, mtu mmoja, hapa inasema, kule imenyamaza. Kama taa za nyumba: sebuleni zinawaka, chumbani umezima.

Sasa utauliza, chembe nyekundu zinahusiana nini na nyutrofili? Swali zuri. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba herufi hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu weusi wengi wana nyutrofili chache kwenye damu. Na mwaka 2017 Johan Duchene, Antal Rot na wenzao wakatupeleka mpaka ndani ya uboho. Walikuta kwamba chembe nyekundu zikiwa bado changa, hukaa bega kwa bega na chembe shina. Zikiwa na Duffy, zinaziathiri jirani zake kwa namna moja. Duffy ikinyamaza, mambo yanakwenda kwa namna nyingine, na nyutrofili zinazozaliwa zinakuwa na vifaa tofauti kidogo. Hizi zetu zina haraka ya kutoka kwenye damu na kuingia mwilini, kwenye nyama, ambako kazi ipo.

Unaona mchezo? Chukua mfano wa hapa nyumbani. Ukisimama juu ya barabara kuu, ukahesabu malori yaliyo barabarani peke yake, ukaacha yaliyoegeshwa yadi, utaandika kwamba Tunduma haina malori. Watu watakucheka! Sindano ya maabara inachota barabarani tu. Kiwanda kinatoa, askari wapo, ila hawapendi kurandaranda barabarani.

Tuje kwenye mshale sasa. Nani aliuchora?

Mshale unachorwa na mashine, na mashine imepewa mipaka ya kawaida. Mpaka wa chini wa nyutrofili, kwa maabara nyingi, ni 1,500 katika tone dogo kabisa la damu, lenye ujazo wa milimita moja kila upande. Zingine zinaweka 2,000. Mipaka hiyo kwa sehemu kubwa ilipatikana kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani, wengi wao Wazungu, ambao Duffy yao inasema. Mshikaji wangu alikuwa na 1,300. Mashine ikaona 1,300 ni ndogo kuliko 1,500, ikapiga mshale. Haina kosa, imefundishwa hivyo.

Watu wa Tunduma hili hatuhitaji kuchorewa. Mtu akikuonyesha pesa imeandikwa 100, swali la kwanza unalouliza ni hili: kwacha au shilingi? Ukiisoma kwacha kwa macho ya shilingi umeliwa, na wale vijana wenye maburungutu pale mpakani watakushukuru. Namba bila kujua ni ya nani haina maana. Jamaa alisomewa kwacha yake kwa macho ya shilingi.

Mwaka 2023 huko Marekani walichapisha hesabu za watu wazima wenye afya ambao Duffy yao imenyamaza. Kawaida yao ilikuwa kuanzia 1,210 mpaka 5,390. Kwa kipimo hicho, 1,300 ya mshikaji wangu imo ndani ya mstari, inapumua.

Usidhani habari hii ni ya mbali. Jirani zetu hapo Mbeya, ambako kuna kituo cha utafiti wa tiba ambacho kimeshiriki kwenye majaribio ya chanjo ya ukimwi, walilikuta tatizo hili mapema. Unapotafuta watu wenye afya wa kujitolea kwenye utafiti, ukiwapima kwa mipaka ya kigeni utawafukuza wazima ukidhani ni wagonjwa. Mwaka 2008 wakachapisha viwango vya damu vya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania. Mwaka uliofuata vikatoka vingine vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, yaani ukivuka tu hapo Nakonde. Hadithi ilikuwa ileile: nyutrofili za watu wetu wazima ziko chini ya mipaka ya vitabu vya Marekani.

Na hapa kuna jambo la uzito, siyo la porojo. Dawa za saratani mara nyingi hupunguzwa au kuahirishwa nyutrofili zikionekana chache. Kuna dawa za ugonjwa wa akili ambazo masharti yake yanafuata namba hiyohiyo. Mtu mweusi anaweza kunyimwa dawa inayomfaa, au kuenguliwa kwenye majaribio ya dawa, kwa sababu ya mshale tu. Ndiyo maana madaktari kadhaa wanapinga hata jina la zamani lililoiita hali hii upungufu wa kikabila. Upungufu wa nini? Wanataka isemwe tu kwamba hiyo ndiyo hesabu ya mtu ambaye Duffy yake imenyamaza.

Lakini subiri, usianze kushangilia na kuchana majibu yako! Nakujua wewe. Kesho utaambiwa chembe ziko chini utajibu, "Aa, mimi ni Duffy, achana na mimi." Hapana. Chembe nyeupe zinaweza kushuka kwa sababu nyingine za kweli kabisa: maambukizi ya virusi, taifodi, kifua kikuu, bandama kuvimba, upungufu wa vitamini ya B12, na baadhi ya dawa. Tena kuna wakati wanyapara wenyewe wa kiwandani wanaharibika, jeni za kukua zinasema bila kunyamaza, chembe changa zinajaa bila kukomaa. Hiyo ni saratani ya damu, na haina utani.

Kwa hiyo shika haya manne. Kwanza, usiondoke na mshale. Mwambie daktari akusomee namba yenyewe ya nyutrofili, siyo jumla tu. Pili, angalia mistari mingine. Kama chembe nyekundu na zile za kugandisha damu nazo ziko chini, hilo si suala la Duffy, fuatilia haraka. Tatu, jiangalie mwenyewe: homa zisizoisha, vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, majipu kila mara, kutokwa damu ovyo, kukonda bila sababu. Ukiwa na mojawapo, rudi hospitali. Nne, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Ya Duffy inabaki palepale mwaka hadi mwaka, ugonjwa una tabia ya kusogea.

Na ukimwi upime kwa kipimo chake. Hili nalisema kwa herufi kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4, lakini Njombe, katika nyanda zetu hizihizi, ilikuwa asilimia 12.7. Mdudu yupo, hatuzugani. Ila dawa zake zipo, ni za bure, na anayezimeza vizuri anaishi, anafanya kazi, anaoa. Anayekufa kirahisi ni yule anayejificha na bitiruti. Na hata ukiwa nao, sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima ukimwi na inakataza kumbagua mwenye virusi. Ukinyimwa kazi kwa hilo, huyo tajiri ndiye mwenye kosa.

Mshikaji wangu je? Aliyemtoa shimoni siyo mimi, ni yule mchumba wake. Alipoelezwa yote, hakulia wala hakukimbia. Alisema, "Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili, na tukitoka tunakula chipsi mayai, majibu yawe yoyote." Wakaenda. Wote hawana. Jamaa alikaa kwenye kibaraza akalia kama mtoto, binti anamfuta machozi kwa khanga, wapita njia wanadhani kafiwa.

Baadaye akapanda gari kwenda Mbeya kumwona daktari mwenye nafasi ya kumsikiliza. Bahati nzuri alikuwa na karatasi nyingine ya FBP, ya miaka mitatu nyuma, siku alipolazwa baada ya lori lao kuacha njia. Nyutrofili wakati ule: 1,400. Wakampima tena: 1,350. Hana homa, hana kidonda, mistari mingine yote imenyooka. Daktari akamwambia, "Kijana, wewe huumwi. Ndivyo ulivyo."

Ningependa nikuambie kwamba tajiri alimpokea kwa shangwe. Wapi! Gari lilishapata dereva, tena kitambo. Miezi miwili kwenye biashara ya malori ni karne. Jamaa bado ni utingo, juzi nimemwona anafunga turubai huku anapiga mluzi. Kaahidiwa gari jingine likifika. Tunaomba lifike.

Ile karatasi ya mshale hakuichana. Kaikunjua, kaipiga lamineshini, na kaiweka pamoja na ile ya zamani na kadi yake ya njano ya chanjo. Siku mtu mwingine akimwambia kinga yake iko chini, anamtolea zote tatu. Na wewe msomaji, za kwako unazitunza wapi, au ulishafungia vitumbua?

Haya, nafasi imekwisha, mhariri ananikodolea macho. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, hapahapa kijiweni. Mpime wote wawili, halafu mle chipsi. Alamsiki!